Gari Kuukuu Lisimame na Majina ya Watu Wake

Moto ukishazimwa, watu huhesabu mali. Huhesabiwa mabati yaliyoungua, magodoro yaliyowahi kutolewa nje, cherehani zilizookolewa na fedha zilizokuwamo kwenye sanduku. Mwenye nyumba huhesabu, jirani zake humsaidia, na sheha huandika. Jambo hilo ni la haki, kwani mali ni jasho la mtu. Lakini ni mara chache mno tunapowaona watu wakiwahesabu wale waliouzima moto wenyewe: wangapi waliingia ndani, wangapi walitoka, na yule aliyetoka akikohoa moshi amelazwa wapi. Gari lao likishaondoka na kengele yake, na wao huondoka katika fikra zetu.

Leo tunapenda kuzungumza juu ya gari hilo na juu ya watu waliokuwa wakilipanda.

Mtu apitaye nyuma ya karakana za serikali, popote katika Afrika Mashariki, huyaona magari yaliyomaliza kazi yao. Yamekaa juu ya matofali, magurudumu hayana, nyasi zimepita kwenye injini, na kuku wametaga chini ya kiti cha dereva. Miongoni mwa magari hayo huwamo mara kwa mara gari la zimamoto la zamani, rangi yake nyekundu imegeuka kuwa ya kutu na ngazi yake imekwisha kuliwa na mchwa. Kwa taratibu za mali ya umma, gari kama hilo hufutwa katika daftari, likatangazwa mnada, na mnunuzi wa chuma chakavu akalikata vipande. Hatuna ugomvi na taratibu hizo. Mali ya umma isiyotumika ni mzigo kwa umma, na fedha ya mnada ni fedha ya wananchi.

Hata hivyo, tunasema kwamba katika kila kikosi cha zimamoto liko gari moja ambalo halifai kwenda mnadani. Gari hilo ni lile lililowachukua kazini watu ambao hawakurudi, au, ikiwa hilo limekwisha kupotea, gari kuukuu kuliko yote yaliyobaki. Gari hilo likarabatiwe, litiwe chini ya paa, na ubavuni mwake yaandikwe majina ya askari wa zimamoto na uokozi waliofia kazini. Hiyo ndiyo rai yetu kwa wananchi wa Unguja na Pemba na kwa wakuu wanaohusika.

Huenda mtu akauliza: kwa nini gari, na si mnara wa mawe au sanamu ya shaba kama wanavyofanya wengine? Jawabu letu ni jepesi. Watu wa Visiwa hivi hawana desturi ya kusimamisha masanamu ya binadamu, na sababu zake katika dini zinajulikana. Lakini chombo cha kazi si sanamu. Jembe la mkulima, tezo ya fundi wa majahazi, na mashua ya mvuvi ni ushahidi wa kazi ya mtu bila ya kuiga sura yake. Gari la zimamoto ni chombo cha namna hiyo. Anayelitazama hamuoni mtu wa shaba aliyenyanyua mkono. Anaiona ngazi ambayo mtu wa kweli aliipanda, na mpini ambao mkono wa kweli uliushika mpaka ukang'aa.

Tena, wanazuoni wetu wamewahesabu wanaokufa kwa moto, wanaokufa kwa kuzama na wanaokufa kwa kuangukiwa na jengo miongoni mwa wenye daraja ya mashahidi. Sote tuliosoma chuoni kabla ya kwenda skuli tulifundishwa hayo tungali wadogo. Na misiba hiyo mitatu, moto, maji na jengo, ndiyo hasa kazi ya kila siku ya askari wa zimamoto na uokozi. Visiwa hivi vimeijua. Tunaijua bahari iliyoizamisha meli ya Spice Islander usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikiwa safarini kwenda Pemba, na meli ya Skagit tarehe 18 Julai 2012. Tunalijua jengo la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 wakati likikarabatiwa, na watu wawili wakapoteza maisha. Na moto tunaujua sote tunaoishi katika Mji Mkongwe wenye boriti kavu za miaka mingi, na tunaofanya kazi katika mahoteli ya makuti huko pwani, ambako cheche moja hugeuza paa zima kuwa majivu kabla mtu hajamaliza kupiga kelele.

Kwa hiyo suala la kuwakumbuka watu hawa halituhusu kwa mbali. Lakini kabla ya kusema ni vipi tuwakumbuke, inafaa tuangalie yaliyowafika wenzetu, kwa sababu asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Tuanze na bandari ambayo wazee wetu waliijua kwa majahazi ya msimu, nayo ni Bombay, ambayo siku hizi huitwa Mumbai. Tarehe 12 Aprili 1944, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, meli iitwayo Fort Stikine ilitia nanga huko ikiwa na shehena ambayo haikupasa kuwekwa pamoja: marobota ya pamba, mapipa ya mafuta, mbao, dhahabu, na tani zipatazo 1,400 za baruti na makombora. Siku mbili baadaye, tarehe 14 Aprili, kiasi cha saa nane mchana, moshi ulionekana ukitoka katika chumba kimoja cha shehena. Askari wa zimamoto wa Bombay wakaja na magari yao, wakateremsha mipira ya maji, wakaanza kazi. Walimwaga maji kwa mamia ya tani, lakini hawakuweza kukifikia kiini cha moto ndani ya pamba.

Wakati huo wote, juu ya gati, wakuu walikuwa wakishauriana. Huyu akitaka meli izamishwe pale pale, huyu akitaka ivutwe itolewe nje ya bandari, mwingine akiona waendelee kumwaga maji. Hapakuwa na mmoja aliyekata shauri akasema: amri ni hii. Saa mbili zikapita. Ilipofika saa kumi na dakika 6 jioni meli ikaripuka, na baada ya nusu saa hivi ikaripuka mara ya pili kwa kishindo kikubwa zaidi. Mtikisiko wake ulinaswa na mitambo ya kupimia matetemeko ya ardhi iliyokuwa Shimla, mbali zaidi ya kilomita 1,000. Watu mamia kwa mamia walikufa bandarini na mitaani. Miongoni mwao walikuwamo askari wa zimamoto 66, ambao walikuwa wamesimama na mipira yao mikononi, mahali walipoambiwa wasimame.

Tangu hapo, India imeifanya tarehe 14 Aprili kuwa siku ya kila mwaka ya kuwakumbuka watu wa zimamoto. Jambo hilo ni jema. Lakini tunapoisoma habari hii hadi mwisho, tunaona kwamba kusema askari 66 walikufa kishujaa ni nusu ya maneno. Nusu ya pili ni kwamba walikufa huku wakubwa wao wakibishana. Anayeitaja nusu ya kwanza na kuificha ya pili hawapi marehemu heshima yao kamili.

Mfano wa pili ni wa Australia. Tarehe 2 Disemba 1998, katika moto wa msituni karibu na mji wa Linton, watu watano wa kikosi cha kujitolea walikuwa katika gari lao wakirudi kujaza maji. Upepo ukageuka ghafla. Moto uliokuwa ubavuni mwao ukawajia wote kwa pamoja, na maji yaliyobaki katika tangi hayakutosha kuwakinga. Wote watano walifariki. Kutokana na msiba huo, mwaka 1999 lilitoka pendekezo la kuwa na siku moja ya kimataifa ya watu wa zimamoto, nayo huadhimishwa tarehe 4 Mei. Lakini lililo kubwa zaidi kuliko siku hiyo ni kwamba uchunguzi ulifanywa, na sababu ya vifo ikawekwa wazi. Mafunzo yakabadilishwa. Wazimamoto wa nchi ile wakafundishwa kwamba gari lisimalize maji yote motoni. Kiasi kibakishwe katika tangi kwa ajili ya kuwalinda watu wenyewe. Watu watano walikufa, na wengine wengi ambao majina yao hatutayajua wakaishi kwa sababu ya kanuni ile.

Mfano wa tatu ni wa New York. Tarehe 11 Septemba 2001, askari wa zimamoto 343 wa mji huo walifariki katika minara miwili iliyoangushwa. Gari moja miongoni mwa magari yao, gari la ngazi nambari 3, lilipeleka watu kwenye mnara wa kaskazini, na watu 11 wa kikosi hicho hawakurudi. Gari lilifukuliwa chini ya kifusi. Halikutengenezwa wala halikupakwa rangi. Mwaka 2011 lilishushwa kwa winchi ndani ya jengo la makumbusho lililokuwa likijengwa mahali pale pale, na mpaka leo limesimama humo, sehemu yake ya mbele imepondeka na vyuma vyake vimepindika.

Lakini na huko pia ipo nusu ya pili ya maneno. Mnara wa kusini ulianguka saa tatu na dakika 59 asubuhi. Wa kaskazini ulianguka saa nne na dakika 28. Baina yao zilipita dakika 29. Katika dakika hizo amri ya kutoka ilitolewa, na tume iliyotoa ripoti yake mwaka 2004 ilieleza kwamba wako waliokuwamo ndani ya mnara wa kaskazini ambao amri hiyo haikuwafikia. Redio za upepo hazikufanya kazi ipasavyo ndani ya jengo refu namna ile, na mawasiliano yalivurugika. Taifa lenye mali kuliko yote duniani liliwapoteza watu ambao baadhi yao huenda wangeokolewa na redio iliyo nzuri.

Mifano hii mitatu ni ya nchi tatu zilizo mbalimbali kwa dini, kwa mali na kwa siasa, lakini inatufikisha kwenye jambo moja. Askari wa zimamoto hauliwi na moto peke yake. Huuliwa pia na amri isiyotolewa, na tangi lisilo na maji, na redio isiyosikika. Na kwa sababu hiyo, kumbukumbu inayotaja ushujaa wa marehemu bila ya kutaja sababu ya kifo chake ni pambo tu. Inawaliwaza walio hai, haiwasaidii, na marehemu haimfanyii uadilifu.

Hili ndilo sharti tunalolitia katika rai yetu. Gari likarabatiwe, majina yaandikwe, na chini ya kila jina iandikwe tarehe, mahali, na sababu. Ikiwa mtu alikufa kwa moshi kwa kuwa hakuwa na kifaa cha kupumulia, iandikwe hivyo. Ikiwa gari lilipinduka njiani kwa breki mbovu, iandikwe hivyo. Ikiwa alizama akimfuata mtu aliyekuwa akizama, na hakuna aliyekosea, nayo iandikwe, ili watoto wake wajue. Tunajua kwamba maandishi ya namna hiyo hayampendezi kila mkubwa. Lakini Chama kinachojiita cha wakulima na wafanyakazi hakina sababu ya kuogopa kueleza jinsi mfanyakazi alivyokufa. Kujikosoa hakukuanza jana katika siasa yetu, ingawa kuna wakati tunakusema zaidi kuliko tunavyokufanya.

Sasa tuseme juu ya ukarabati wenyewe, maana neno hilo hutumiwa ovyo. Kukarabati si kupaka rangi. Gari lililopakwa rangi mpya juu ya kutu, katika hewa ya chumvi kama yetu, halimalizi masika mawili. Kazi hii ina hatua zake. Kwanza gari lipigwe picha pande zote na kila kifaa kiandikwe, hata kama ni kipande cha mpira kilichopasuka. Pili watafutwe madereva na mafundi wa zamani walio hai, waulizwe, kwa sababu wao wanajua pampu ilifungwa vipi na kengele ilining'inia upande gani. Tatu kutu iondolewe mpaka kwenye chuma kizima, bati lililooza likatwe na kuunganishwa jipya, na ngazi ikipata seremala anayejua mti wa kuvumilia jua na mvua. Nne, chochote kinachoweza kubaki cha asili kibaki. Kiti kilichochakaa kwa kukaliwa na watu wale kisitupwe kwa sababu tu kipya kinapendeza zaidi. Na kinachobadilishwa kiandikwe kuwa kimebadilishwa, ili asidanganywe mtazamaji.

Kazi hii wapewe vijana wa mafunzo ya amali, wakisimamiwa na mafundi wazee. Kwa kufanya hivyo tutapata faida mbili kwa gharama ya moja: gari litasimama, na ufundi wa wazee utabaki mikononi mwa vijana. Fundi makenika, fundi bati, seremala, fundi wa umeme na mpaka rangi, wote wana sehemu yao hapo.

Limo pia swali la kama gari lirudishwe katika hali yake ya uzima au liachwe na majeraha yake, kama lilivyoachwa lile la New York. Maoni yetu ni haya. Gari lililokufa pamoja na watu wake liachwe lilivyo, lisafishwe na kuzuiwa kutu tu, kwa sababu majeraha yake ndiyo maelezo yake. Lakini gari lililorudi kituoni bila ya watu wake, likaendelea kutumika miaka mingi mpaka likachakaa, hilo lirudishwe katika uzima. Injini iwake, pampu izunguke, na kengele ilie. Lililochoka kwa kuutumikia umma linastahili kuoneshwa kwa umma likiwa na heshima yake ya siku za kazi.

Na likishasimama, lisifungiwe kwenye ukumbi wa kulipia, likawa la watalii na picha zao. Liwekwe mahali ambapo mtoto wa Kikwajuni, wa Makunduchi, wa Wete na wa Mkoani anaweza kuletwa na mwalimu wake. Na hapa tunasisitiza kwamba Pemba isiwe ya kungojea mabaki. Ikiwa gari ni moja tu, basi majina yaandikwe pande zote mbili za bahari, na siku ya kumbukumbu iadhimishwe Unguja na Pemba kwa zamu. Watoto wafundishwe hapo hapo namna ya kutoka katika nyumba yenye moshi, kwa kutambaa chini ambako hewa ni nzuri zaidi. Wafundishwe kwamba mafuta ya kukaangia yakishika moto hayamwagiwi maji. Na kwamba mtungi wa gesi unaovuja hautafutwi kwa kiberiti. Mtoto mmoja akilikumbuka hilo nyumbani kwao, gari litakuwa limezima moto mwingine.

Katika nchi nyingine jeneza la mzimamoto hubebwa juu ya gari kuukuu la namna hii. Sisi hatuna haja ya hilo. Maiti wetu hubebwa mabegani na watu, na kila mpita njia hutia bega lake, na hapana heshima iliyo kubwa kuliko hiyo. Lakini inafaa kila mwaka isomwe hitima, na majina yaliyo ubavuni mwa gari yatajwe katika dua, moja moja, mbele ya wajane na watoto wao, na ndugu zetu wa dini nyingine wawaombee kwa ibada zao.

Tunajua kwamba upo upinzani, na wenye kupinga wana hoja ambayo haifai kudharauliwa. Watasema: mnataka fedha zitumike kwa gari bovu na marehemu, hali walio hai wanahitaji makoti ya kuzuia moto, kofia ngumu, vifaa vya kupumulia na redio. Mla ni mla leo, mla jana kala nini?

Tunakubali kwamba, ikiwa lazima ichaguliwe moja, walio hai watangulie. Gari la kumbukumbu linalong'aa mlangoni, huku askari aliyesimama pembeni yake hana glavu, litakuwa ni kejeli kwa marehemu na kwa aliye hai. Lakini hatuamini kwamba mambo haya mawili yanapingana. Mtu asiyewajali waliokufa kazini hana sababu ya kuwajali watakaokufa kesho. Palipo na orodha ya majina na sababu zake, kila anayekaa kupanga bajeti atalazimika kuisoma. Na akishasoma kwamba fulani alikufa kwa kukosa kifaa cha kupumulia, itamwia vigumu kukifuta kifaa hicho katika makisio ya mwaka. Pasipo na orodha, kila mwaka huanza upya kama kwamba hakufa mtu.

Vivyo hivyo, kumbukumbu ya kwanza ya marehemu ni familia yake. Kabla ya rangi nyekundu haijakauka ubavuni mwa gari, mjane awe amekwisha kupata kiinua mgongo cha mumewe bila ya kuzungushwa afisi hadi afisi kwa jalada lisiloonekana, na watoto wawe skuli. Tungependa kuona kwamba tarehe ya kukamilika kwa mafao inaandikwa pia katika daftari la kumbukumbu hiyo. Jambo hilo halitagharimu chochote, lakini litawafanya makarani waende mbio kidogo.

Sisi wananchi nasi tuna sehemu yetu, tena si ndogo. Tumezoea kusema kwamba zimamoto huja moto umekwisha, au huja bila ya maji. Wapo kati yetu wanaowazomea, na hata wanaowarushia mawe. Hebu tufanye hesabu. Gari lenye tangi la lita 5,000, likitoa lita 500 kwa dakika, humaliza maji yake kwa dakika 10. Baada ya hapo lazima lipate maji kutoka bomba la barabarani, au liende kujaza na kurudi. Sasa nani aliyelifukia bomba hilo kwa kifusi cha nyumba yake? Nani aliyejenga baraza yake ikatokeza njiani mpaka gari lisipite? Nani aliyeegesha gari lake kwenye mdomo wa uchochoro na kwenda zake sokoni? Vichochoro vya Mji Mkongwe vilijengwa kwa watu na punda, navyo ni urithi unaotambuliwa na dunia nzima tangu mwaka 2000. Hatuwezi kuvipanua. Lakini tunaweza kuviacha wazi. Na serikali inaweza kupeleka humo vyombo vidogo vinavyopita, na kuhakikisha kwamba mabomba ya kuzimia moto yana maji, yamewekewa alama, na hukaguliwa kwa ratiba inayojulikana.

Anayemzomea mzimamoto huku ameziba njia yake anamlipa kama punda anavyoshukuru, yaani kwa mateke.

Basi tunazitaka idara zinazohusika zifanye mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji kungojea msaada wa nje. La kwanza, gari lolote la zimamoto la zamani lisifutwe katika daftari wala kuuzwa mpaka likaguliwe na kujulikana historia yake. La pili, yafunguliwe majalada, waulizwe wastaafu, na ikusanywe orodha ya kila aliyefia kazini katika zimamoto na uokozi, tangu siku za mwanzo za huduma hiyo katika Visiwa hivi mpaka leo, awe wa cheo kikubwa au mshika mpira wa maji. La tatu, sababu ya kila kifo iandikwe kwa ukweli, na mbele yake iandikwe hatua iliyochukuliwa ili kisitokee tena. Ikiwa hapana hatua iliyochukuliwa, nafasi hiyo iachwe wazi, na kila apitaye aione kuwa i wazi.

Wazee waliopata kulipanda gari hilo wanapungua kila mwaka. Kila mmoja anayeondoka huondoka na majina ambayo hayakuandikwa popote. Kutu nayo haingojei kikao. Tukichelewa, gari litakuwa vipande, wazee watakuwa wametangulia, na tutabaki kutafuta katika majalada yaliyoliwa na mchwa jina la mtu ambaye alituingilia motoni.

Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliokwenda kwa ajili ya wengine wasirudi, na atupe sisi tuliobaki ujasiri wa kueleza ni kwa nini hawakurudi.